Maswali Aliyoyaweka Pembeni

Kwenye dirisha la usajili wa chuo alikaa binti ambaye Verna Teague angeweza kumzaa, na binti huyo hakuinua macho.

"Cheti cha sekondari."

"Hiki hapa, mwanangu."

"Hiki kimeandikwa Verna Huffman."

"Ndiye mimi. Kabla Harlan hajanioa."

"Sasa mimi nitajuaje kuwa ni wewe?"

Verna alicheka akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Alitakiwa kuleta cheti cha ndoa, na zaidi ya hapo shule aliyosoma ilitakiwa itume alama zake yenyewe ndani ya bahasha iliyofungwa, maana hicho cheti alichokitoa ukutani asubuhi ile hakikutosha.

"Shule yangu ilivunjwa," akasema. "Pale sasa pana duka la matairi."

"Basi watume wao."

"Nani, wa matairi?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Binti hakucheka. Alizirudisha karatasi zote upande wa Verna, akaita anayefuata, na Verna akasogea kando akizikusanya huku uso umemwiva. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita na hakuwa amefukuzwa dirishani tangu alipokuwa mtoto wa kutumwa dukani.

Hiyo ilikuwa safari ya kwanza. Safari ya pili walidai kadi ya chanjo. Alipoipata kadi na kuileta, aliambiwa mambo ya chanjo yako jengo la ng'ambo ya maegesho, na huko ng'ambo Ijumaa walifunga mchana, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa jioni. Harlan, mumewe, alikuwa akimsubiri ndani ya pikapu, kiti amekilaza kwa sababu ya mgongo.

"Wamekuchukua?"

"Wanataka kujua kama nilichanjwa surua."

"Si wakutazame tu? Umefika umri huo na hujafa."

Verna alitaka kununa, akashindwa, akacheka. Ndivyo Harlan alivyokuwa akimvusha katika mambo siku zote.

Sisi wa mji wa Larkin tumeshona makochi ambayo nusu ya Amerika imeyakalia. Tunajua kitambaa, tunajua uzi, tunajua kuamka alfajiri. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufundishwa namna ya kusimama mbele ya dirisha la chuo na kuonekana mtu. Kiwanda kilipofungwa mwezi Machi na cherehani zetu kupakiwa kwenye meli kwenda China, serikali ilisema itawalipia masomo wote waliopoteza kazi kwa njia hiyo. Ilikuwa na masharti mawili. Uwe umejiandikisha kabla Agosti haijaisha, na masomo yenyewe yawe ya kumalizika ndani ya miaka miwili.

Verna alitaka uuguzi. Harlan alipopasuliwa mgongo, nesi mmoja mnene alikaa naye usiku kucha akimgeuza, na tangu siku ile Verna alikuwa amemwonea wivu yule nesi. Harlan naye alikuwa na hoja yake ya kiume.

"Makochi wameyapeleka China," alisema. "Wagonjwa hawawezi kuwapeleka."

Kozi ya uuguzi ilichukua miaka miwili kamili, bila siku ya kuchezea. Ili aianze, ilibidi mtihani wa kupangiwa madarasa umwingize moja kwa moja kwenye hesabu za chuo. Ukimweka chini ya hapo, miaka miwili haitoshi tena, na serikali haitoi hata senti. Kwa hiyo vyeti vyote na chanjo zote zilikuwa utangulizi tu. Jambo lenyewe lilikuwa ule mtihani.

*

Aliyemfundisha ni Leanna, binti yao wa mwisho, aliyekuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila jioni baada ya maharage na mkate wa mahindi walifuta meza, na mama akawa mwanafunzi wa mwanawe.

"Mama, usikisie. Chora."

"Sijakisia."

"Umekisia. Nimekuona umefumba jicho."

"Hivyo ndivyo ninavyofikiri."

"Mama."

"Haya mwalimu, nachora."

Leanna alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha Verna, na mvumilivu pia. Mwezi wa Juni walipambana na sehemu, theluthi na robo, mpaka Verna akaanza kuziota. Julai wakaingia kwenye zile hesabu za maneno, matangi na mashati yaliyopunguzwa bei. Hapo Verna aligundua jambo lililomshangaza: alikuwa anazipenda. Ukimpa muda na penseli, alizipata. Harlan alipita kuchukua chai yake baridi akachungulia begani kwake.

"Kwani nesi anajaza matangi?"

"Nenda kalale wewe."

"Naenda. Ila nikilazwa hospitali sitaki tangi, nataka sindano."

Siku moja mwishoni mwa Julai Leanna alimpa mtihani wa majaribio, akausahihisha kwa kalamu nyekundu aliyoinunua makusudi. Verna alikosa matatu tu. Leanna aliitazama karatasi, akamtazama mama yake, halafu akaibandika kwenye mlango wa friji, mahali ambapo karatasi zake mwenyewe zilikuwa zikibandikwa alipokuwa mdogo. Verna alijifanya hajaona. Alienda chooni akafungulia maji na kulia kwa furaha.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa baridi na wengi waliokaa humo walikuwa vijana. Msimamizi, Bi Odom, alikuwa mama mpole mwenye miwani ya kamba. Alisoma maelezo kwa sauti ya mtu aliyeyasoma mara nyingi mno.

"Huu si mtihani wa kufaulu wala kufeli. Unatuonyesha tu mahali pa kukuanzishia. Hakuna muda maalumu, msiwe na wasiwasi. Ukishajibu swali huwezi kulirudia. Kama kuna anayetaka karatasi ya kufanyia hesabu, anyooshe mkono."

Verna alisikia pale pa kutokuwa na wasiwasi, na akasikia habari za karatasi. Katikati hapo hakusikia kitu, kwa sababu kipanya cha kompyuta kilikuwa kimemponyoka, mshale umepotelea kwenye kona ya kioo, na jasho limeanza kumtoka akiutafuta. Alipoupata, wenzake walikuwa wameshaanza.

Swali la kwanza alilijibu. La pili lilikuwa la tangi. Tangi limejaa theluthi mbili, ukichota galoni kumi linabaki nusu, je, tangi zima linachukua galoni ngapi. Verna alilitambua kama mtu anavyomtambua jirani. Alijua kwamba analiweza, na alijua pia kwamba litamchukua muda, kwa kuchora na kugawa.

Sasa inabidi mjue tulivyofanya kazi kiwandani. Tulilipwa kwa kipande. Furushi la vitambaa lilikujia, na ndani yake kila mara palikuwa na kipande kimoja au viwili vyenye matatizo, mahameli inayoteleza au maua yasiyokutana. Mshonaji mgeni alikaa na kipande kile mpaka saa ikaisha na pesa yake ikaisha nayo. Mshonaji mzoefu alikitupia kwenye kapu miguuni, akashona vyepesi vyote, kisha kabla ya kengele ya kutoka akarudi kwenye kapu lake. Kwa njia hiyo Verna alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Picha yake ilikaa karibu na mashine ya kugonga kadi mpaka ikapauka.

Basi akalitupa tangi kapuni. Kompyuta haikukubali aende mbele bila jibu, kwa hiyo alibonyeza lolote, la kwanza lililokuwa karibu, akaliweka swali kichwani ili alirudie. Likaja la shati lililopunguzwa bei robo likauzwa dola kumi na nane. Nalo akalitupa kapuni. Likaja la wafanyakazi watatu wanaomaliza kazi kwa siku nane, je, wanne wataimaliza kwa siku ngapi. Kapuni. Baada ya hapo kazi ilianza kwenda. Maswali yalizidi kuwa mepesi, na kadiri yalivyokuwa mepesi ndivyo mkono wake ulivyochangamka. Mwisho alikuwa anaulizwa kujumlisha tu. Alifikiri, kumbe ndiyo haya tuliyotishwa nayo.

Kisha kioo kikaandika asante.

Alisubiri. Akatafuta juu, akatafuta chini, akanyoosha mkono.

"Bi Odom, samahani. Yale niliyoyaweka pembeni nayapata wapi?"

Bi Odom alikuja akainama, akatazama kioo, akatabasamu.

"Umeshamaliza, Bi Verna. Tena wewe ndiye wa kwanza."

Vijana wawili walimtazama. Verna alichukua mkoba wake. Alijituliza: ni matatu tu kati ya yote yale. Hata kwa Leanna alikosa matatu, na Leanna alibandika karatasi kwenye friji.

Ndani ya pikapu, kabla Harlan hajatoka kwenye maegesho, alikuwa ameshaipata ya tangi. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. Theluthi mbili ukitoa nusu inabaki sehemu moja ya sita.

"Sitini," akasema.

"Sitini nini?"

"Galoni. Tangi linachukua sitini. Endesha tu."

*

Majibu yangetolewa Jumanne na mshauri wa wanafunzi. Kati ya siku ya mtihani na Jumanne kulikuwa na Jumapili, na Harlan hakujua kunyamaza. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye jambo la kushukuru, Harlan alisimama, mkono kiunoni.

"Mke wangu amefanya mtihani wa chuo," alisema. "Walikuwa chumba kizima, watoto wa juzi juzi. Amewamaliza wote. Wa kwanza kuweka kalamu chini."

Kanisa likapiga makofi. Verna alimvuta shati mpaka akakaa. Alikuwa amekasirika na alikuwa na raha, vyote viwili, na hakuweza kuvitenganisha. Baada ya ibada kulikuwa na chakula cha pamoja, kila mtu na bakuli lake, na mama Setzer, mke wa mchungaji, akamkamata kiwiko karibu na kuku wa kukaanga.

"Dada Verna, unavaa viatu namba ngapi?"

"Namba nane. Kwani vipi?"

"Aa, nauliza tu."

*

Mshauri aliitwa Curtis Bowen. Alikuwa kijana mwenye tai, na juu ya meza yake palikuwa na picha ya mtoto mchanga. Alimkaribisha vizuri. Alimwita mama. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili naye aone, na Verna aliona mistari asiyoielewa.

"Kusoma na kuandika uko vizuri sana," Curtis alisema. "Hesabu ndiyo imekuweka chini."

"Chini wapi?"

"Kuna madarasa matatu ya kujiandaa kabla ya hesabu za chuo, kila moja muhula mzima. Itabidi uanzie la kwanza kabisa. Ni darasa la kujumlisha, kutoa, kuzidisha."

Verna alihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. "Hapana, mwanangu. Angalia tena. Teague. Verna."

"Ni wewe, mama."

"Lakini maswali yenyewe yalikuwa mepesi. Mwishoni nilikuwa nayajibu hata bila kufikiri."

Curtis alishusha pumzi. Ilikuwa wazi kwamba ameshawahi kulieleza jambo hili, na hakulipenda. "Kompyuta inakusoma unavyokwenda. Ukipata, inakupa gumu zaidi. Ukikosa, inakushusha. Yale ya mwanzo ndiyo yanayoamua. Ulikosa la pili, la tatu na la nne. Ikadhani hujui, ikawa inakushusha tu mpaka chini."

"Sikuyakosa."

"Hapa yanaonyesha—"

"Niliyaweka pembeni. Nilikuwa nayarudia."

Verna aliweka mkoba sakafuni, akaegemea meza kwa mikono yote miwili, na akaanza kumpa kazi yake, kipande kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akimpa msimamizi jioni kabla ya kengele.

"La tangi ni sitini. Theluthi mbili toa nusu ni moja ya sita, na hiyo moja ya sita ndiyo galoni kumi. La shati ni dola ishirini na nne. Kumi na nane ni robo tatu, kwa hiyo robo ni sita. La wafanyakazi, wanne watamaliza kwa siku sita." Alimeza mate. "Angalia kama nimekosea."

Curtis Bowen alifungua maswali yale kwenye kompyuta, akayalinganisha moja moja.

"Hujakosea," alisema. "Yote ni sawa."

"Basi andika."

"Siwezi, mama."

"Si umesema ni sawa?"

"Ni sawa. Lakini siwezi kuandika. Kurudia mtihani mpaka muhula uishe. Ni Januari."

Wote wawili walijua kwamba Agosti haikuwa Januari. Hata hivyo Curtis alichukua simu akapiga ofisi ya serikali inayolipia masomo. Waliambiwa wasubiri, na muziki wa simu ukalia mezani, wimbo wa furaha usiokwisha. Alieleza, akabisha, akaeleza tena. Verna alimwona akiandika neno kwenye karatasi halafu akilikata. Alipoweka simu chini hakumtazama usoni.

"Wanasema mpango wa miaka mitatu na nusu hawaulipii."

"Mimi sijaomba mitatu na nusu."

"Najua." Akasogeza kijitabu kimoja. "Kuna kozi ya ususi. Hiyo haitaki hesabu. Ni mwaka mmoja."

Verna alikitazama kijitabu, na msichana wa jaladani aliyekuwa akicheka akiwa na kitana mkononi. Hakuwa na neno na wasusi. Dada yake mwenyewe alikuwa msusi. Ila alijiona kama mtu aliyeomba mkate akaambiwa hata kitambaa cha meza ni kizuri.

"Ulijua kweli zile hesabu," Curtis alisema mlangoni, sauti imeshuka. "Samahani sana, mama."

Afadhali asingesema. Kama Verna angekuwa hazijui, angelia kidogo yakaisha. Kujua ndiko kulikomchoma.

*

Harlan alikuwa amenunua soda mbili. Alimwona akija, akaziweka chini bila kuzifungua. Walitoka mjini, wakapita duka la matairi.

"Si ulimaliza wa kwanza," hatimaye akasema. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Ndiyo kosa lenyewe, Harlan. Nilimaliza wa kwanza."

Leanna aliambiwa jioni. Alikwenda kwenye friji kuibandua ile karatasi yenye kalamu nyekundu, na mama yake akamwambia, "Iache." Ndipo msichana alipolia, akilia kwa hasira na midomo imebana.

"Mimi nilikufundisha kila kitu. Sikukwambia kwamba kompyuta hairudi nyuma. Wala sikujua."

"Wewe ulifanya kazi yako, mwanangu. Njoo hapa."

Jumapili iliyofuata Verna alitaka kuwaambia watu, akakosa pa kuanzia. Kabla hajapata, mama Setzer alisimama mbele na boksi lililofungwa utepe. Wanawake wa kanisa walikuwa wamechanga. Wengi wao walikuwa wa kiwandani, hawana kazi, na walichanga. Ndani palikuwa na viatu vyeupe vya nesi, namba nane.

"Vivae tuone," wakasema.

Akavivaa. Akatembea mpaka kwenye piano na kurudi, na watu wakapiga makofi, na Harlan akainamisha kichwa akasoma kitabu cha nyimbo alichokishika juu chini. Verna alishukuru kwa sauti iliyokatika, na wote wakadhani ni furaha. Habari zenyewe tulizipata baadaye kidogo kidogo, kama habari za aibu zinavyofika. Hakuna aliyeuliza viatu viko wapi.

*

Oktoba alipata kazi ya kushona mifuniko ya viti vya magari, mwendo wa saa nzima kutoka Larkin, kwa kipande, malipo chini ya yale ya zamani. Viatu vyake vya kazi vilikuwa vimetoboka. Leanna ndiye aliyelitoa boksi uvunguni mwa kitanda.

"Vitaoza humo, Mama. Vivae."

Kwa hiyo siku ya kwanza alikanyaga kanyagio la cherehani kwa viatu vyeupe. Mikono ilikumbuka kila kitu. Alishona nusu ya furushi kabla wenzake hawajatia uzi vizuri, na msimamizi wa zamu, kijana aliyevaa kofia ya besiboli, alipita mara mbili akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Halafu kikaja kipande kibaya. Kilikuwa kimekatwa kombo na kona hazikukutana. Verna alikigeuza. Akakipima na mwenzake, akafumua, akaanza upya. Furushi lililobaki lilikaa. Alifumua tena. Wanawake wa pande zote mbili walimpita, kengele ya mapumziko ikalia, na yeye bado ameinamia kona ileile na pini mdomoni.

Kijana wa kofia akaja akasimama juu yake.

"Mama, hicho achana nacho. Utakula hasara. Si unaona kapu hapo miguuni? Kitupe humo, utakirudia jioni."

Verna alitoa pini mdomoni. Alilitazama kapu, na viatu vyeupe kando yake, ambavyo vilikuwa vimeanza kuingia mafuta ya mashine.

"Nakimaliza sasa hivi," alisema.

"Nakwambia kwa faida yako. Hapa unalipwa kwa kipande."

"Najua ninavyolipwa."

Kijana aliinua mabega akaenda zake. Verna aliinamia tena ile kona. Macho yalikuwa yamemjaa na sindano alikuwa haioni vizuri, kwa hiyo alishona polepole, akipapasa kwa kidole.